Nyumba ya Wazee Haipimwi kwa Rangi ya Ukuta

Papa Fransisko aliweka katika mwaka 2021 siku ya kuwakumbuka mababu na wazee wa dunia yote, ndiyo Dominika ya nne ya mwezi wa saba. Siku hiyo wakristu wa parokia zetu huenda kutembelea nyumba za wazee, zile tunazoziita hospisi. Wanabeba sabuni, mchele na mafuta ya mawese. Wanaimba, wanapiga picha, kisha mkubwa mmoja anasimama na kusema: Tumeona kwa macho yetu kwamba wazee wetu wanatunzwa vizuri. Halafu kila mtu anarudi kwake.

Twauliza: wameona nini? Wameona ukuta uliopakwa chokaa juzi. Wameona mashuka yaliyotolewa sandukuni asubuhi ile. Wameona wazee wanaoweza kukaa kwenye kiti, maana wasioweza wamebaki ndani na mlango umefungwa. Mgeni aliyetangazwa majuma mawili mbele haoni nyumba, anaona karamu. Hatusemi sabuni ni mbaya. Waipeleke, na mwaka kesho waongeze. Tunachokataa ni ile hukumu inayotolewa baada ya saa moja ya nyimbo, kwa sababu ndiyo inayomfunga mzee kinywa. Akinung'unika kesho yake ataambiwa: Nyamaza wewe, hata watu wa parokia walikuja wakasifu.

Kuna mganga mmoja, jina lake Avedis Donabedian, Mwarmenia aliyezaliwa Beirut mwaka 1919, akafundisha miaka mingi huko Marekani. Katika mwaka 1966 aliandika namna ya kupima utunzaji wa wagonjwa, na hata leo wenye kazi hiyo wanamfuata. Alitaja mambo matatu. La kwanza, vilivyomo: nyumba, vitanda, dawa, watu wa kazi na elimu yao. La pili, yanayotendwa: kama mgonjwa anaoshwa, analishwa, anapewa dawa kwa saa yake. La tatu, yanayotokea: mgonjwa amekuwaje baada ya hayo yote. Wageni wetu wa Dominika wanashika lile la kwanza tu, tena nusu yake. Wanahesabu vitanda, watu wa kazi hawawahesabu. Nyumba yenye vitanda arobaini na mwanamke mmoja wa kulinda usiku, je, hiyo ni nyumba ya kutunza wazee ao ni bohari?

Anayetaka kujua ukweli amwombe mzee ruhusa, afunge mlango kwa heshima, amgeuze ubavu, atazame pale chini ya mgongo juu ya makalio, na nyonga, na visigino. Mtu asiyeweza kujigeuza mwenyewe, mfupa wake unabana nyama juu ya godoro, damu haipiti, nyama inakufa. Mkojo ukikaa juu ya ngozi unaharakisha jambo hilo, na njaa vilevile. Vitabu vingi vya Ulaya vyasema: tafuta pahali pekundu. Lakini juu ya ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vema, lazima kugusa kwa mkono. Pahali penye hatari pana joto kuliko pengine, ao pamekuwa pagumu, ao pamelegea. Usipopaona mapema, ngozi inafunguka, na kidonda kinaweza kuchimba mpaka mfupani. Mwishoni sumu inaingia katika damu na mzee anakufa. Matangani watu watasema: alikufa kwa uzee. Hapana. Alikufa kwa sababu hakuna aliyemgeuza.

Na dawa ya kwanza ya kidonda hicho haiuzwi katika duka lolote. Ni kumgeuza mzee kila mara, mchana na usiku (wengi wanafundisha kila saa mbili), kumweka pakavu, na kumlisha. Ndiyo maana kidonda kinasema mengi kuliko ukuta.

Hapa wengine watatukemea. Watasema: Masista ni masikini, Serikali haiwasaidii, nanyi mnataka kuwahesabia makosa? Tunawaheshimu masista, na tunajua ni wangapi kati yao waliozeeka wakiosha miguu ya wazee. Serikali nayo ina deni, twasema wazi: Katiba ya mwaka 2006, fungu la 49, inawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Lakini umasikini na uzembe si kitu kimoja. Nyumba ikikosa dawa, huo ni umasikini. Nyumba ikimwacha mzee katika mkojo wake tangu jioni hata asubuhi, na maji yamo ndani ya pipa, tusiuite umasikini. Kwa haki tuongeze: mwanamke anayefanya kazi hiyo miezi sita bila mshahara, naye aulizwe habari zake, na jibu lake liandikwe. Mikono iliyochoka na yenye njaa haigeuzi mtu vema.

Katika nyumba moja, mji hatuutaji, tulikuta vikombe vya wazee vimepangwa juu ya kabati, vyote vikavu. Tukauliza. Tukajibiwa: Wazee hawaombi maji. Ni kweli, hawaombi! Mtu akizeeka kiu inapungua ndani yake, ijapokuwa mwili unakauka. Ndiyo sababu anapaswa kupewa bila kuomba, kikombe kwa kikombe, mara nyingi kwa siku. Mama mmoja wa kazi akaongeza kwa unyofu: Wakinywa sana watalowesha vitanda, na sabuni ni kidogo. Huyo mama hatumlaumu, yeye peke yake alisema ukweli siku ile. Lakini nyumba hiyo ilikuwa imesifiwa mbele ya watu, na waliosifu hawakugusa kikombe hata kimoja.

Wako wanaofikiri kwamba fedha ikija mambo yote yatanyooka. Watazame Ufaransa. Katika mwezi wa kwanza wa 2022 Victor Castanet, mwandishi wa habari, alitoa kitabu kinachoitwa Les Fossoyeurs, maana yake wachimba makaburi. Alieleza habari za kampuni kubwa ya nyumba za wazee, Orpea. Katika nyumba yao moja ya Neuilly-sur-Seine, karibu na Paris, familia zililipa zaidi ya euro 6.000 kwa mwezi. Na humo, alivyoandika, nguo za kuzuia mkojo zilihesabiwa tatu kwa siku kwa kila mzee, wala zaidi hazikutolewa. Serikali ya Ufaransa ilituma wakaguzi, nao wakakuta makosa mazito. Katika mwaka 2024 kampuni ikabadili jina. Kuta za nyumba ile, bila shaka, zilikuwa safi sana.

Hata Ubelgiji, ambako dada zetu wengi Wakongo wanafanya kazi ya kuosha na kulisha wazee, ugonjwa wa Korona ulipofika mwaka 2020 zaidi ya nusu ya waliokufa katika mwendo wa kwanza walikuwa wakaaji wa nyumba za wazee. Waganga wa Médecins Sans Frontières, ambao sisi tumezoea kuwaona huku kwetu wakati wa vita na kipindupindu, walipaswa kuingia katika nyumba hizo za Ubelgiji kusaidia. Basi tusidanganyike: fedha inanunua kitanda, hainunui mtu wa kuamka usiku kama hakuna anayemwangalia.

Kwa upande mwingine wako wanaosema: Hospisi ni desturi ya Wazungu; sisi Waafrika tunatunza wazee wetu nyumbani. Maneno matamu. Je, waliomo ndani walitoka mwezini? Wengi ni mama wazee waliofukuzwa na watu wa ukoo wao kwa shtaka la uchawi. Katika mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake wazee waliuawa kwa shtaka hilo, wengine kwa moto. Wengine waliachwa vijana walipokimbia vita, kama tulivyoona mwaka 2025 huko Goma na Bukavu. Anayejisifu kwa desturi aende kwanza kumchukua mama yake. Yezu aliwakemea Mafarisayo waliosema Korbani, yaani mali niliyopaswa kukusaidia nayo, baba, nimeitoa kwa Mungu. Korbani ya leo ni gunia la mchele linalopelekwa hospisi mbele ya kamera, na mzazi wa mwenye gunia yumo chumba cha tatu, hajatembelewa tangu Pasaka.

Mtakatifu Jeanne Jugan alianza kazi yake kwa njia nyingine. Katika mwaka 1839, huko Saint-Servan katika Ufaransa, alimchukua mwanamke mzee kipofu aliyepooza, akampa kitanda chake mwenyewe, yeye akaenda kulala darini. Hakuhitaji mkaguzi: mzee akilia usiku, alimsikia. Masista aliowaanzisha, Petites Sœurs des Pauvres, wanakaa hata leo katika nyumba moja na wazee wao. Hilo ni swali jema la kuuliza popote: mkubwa wa nyumba hii analala wapi?

Donabedian naye, karibu na kufa kwake mwaka 2000, alisema kwamba siri ya utunzaji mwema ni mapendo. Neno hilo watu wavivu wanalipenda. Wanasema: Sisi tuna mapendo, msitupimie. Lakini yeye alikuwa amepima zaidi ya miaka thelathini kabla ya kulisema.

Basi twadai hivi. Kila parokia yenye nyumba ya wazee ichague watu watatu: infirmiye asiyelipwa na nyumba ile, mama mmoja aliyemtunza mzazi wake mpaka kifo, na kijana mwenye mwandiko mzuri. Waende siku ya kazi bila kutangaza, mara moja kwa mwezi, na baadhi ya mara waende usiku. Wahesabu vidonda. Wazee wapimwe uzito kila mwezi, na anayekonda bila sababu aulizwe kama meno yanamuuma, kama kuna wa kumlisha, kama mwenzake anamnyang'anya sahani. Watazame kama kuna aliyefungwa kitandani kwa kitambaa. Waulize nani anapewa dawa za kumtuliza, na kwa nini. Katika mwaka 2005 Serikali ya Marekani iliwaonya waganga kwamba dawa za wenye wazimu zinaongeza vifo vya wazee waliopotewa na akili. Waseme na mzee peke yake, mkubwa akiwa nje. Wasimdharau anayechanganya maneno: Mwana wa Sira anatuagiza kumvumilia baba hata akili zake zikipungua, na mara nyingi mtu wa namna hiyo hajui ni siku gani lakini anajua nani anamfinya.

Wakuu wa nyumba wasione tunawatafutia ubaya. Nyumba njema itafaidika kuliko zote, maana itakuwa na hesabu ya kuonyesha inapoomba msaada kwa Askofu ao kwa Serikali, si picha tu. Yote yaandikwe katika daftari moja, pamoja na majina ya waliokufa na sababu, na daftari lisomwe mbele ya baraza la parokia kila miezi mitatu, mkubwa wa nyumba akiwapo apate kujibu. Na kama usiku fulani atakataa kufungua mlango, hilo nalo liandikwe, na saa yake.