Tusiwachanganye wachora ukuta na wachafua miamba

Ndugu mwandishi, katika makala yako umewaweka vijana wote wenye makopo ya rangi kapu moja na hilo limeniuma. Anayechora kwa ridhaa kwenye gofu lililotelekezwa anatupa kitu cha kutazama mahali palipokuwa na vichaka na chupa. Pale Dar es Salaam kundi la wachoraji la Wachata limeonyesha miaka mingi kwamba kopo la rangi ya kupuliza linaweza kufanya kazi ya heshima. Hapa Mbeya kuta za majengo yaliyokwama zipo tele. Halmashauri iwape vijana, na rangi iwanunulie.

Lakini anayeandika jina la mpenzi wake juu ya mwamba wa Gangilonga pale Iringa, huyo simtetei hata kidogo. Karibu na mji huohuo kuna Igeleke, penye michoro myekundu ya wanyama na watu iliyoachwa na wazee ambao hata majina yao hatuyajui. Rangi ya dukani ikimwagika pale, kuisugua ni kuondoa na ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Wekeni walinzi, na watoto wa Kihesa, hapohapo Iringa, wapelekwe kuiona michoro hiyo wakiwa bado shule ya msingi.