Usitoke Kwenye Grupu la Mazishi

Wasee, Wakenya tunajua kuzika. Mzee akifariki, kabla jua lizame kuna grupu la WhatsApp, kuna mwekahazina na nambari ya kutuma pesa. Kila jioni majina yanasomwa: nani ametoa, nani bado. Jeneza, tenti, basi la kwenda ushago, vyote vinapatikana. Wiki moja baadaye mwenyekiti anasema asanteni, na watu wanaanza kutoka mmoja mmoja.

Mjane anabaki na sufuria za kurudishia majirani.

Hapo ndipo shida inaanza. Tembe za presha zinaisha. Kama alikuwa anatumia bima ya kazi ya mzee, mara nyingi hiyo nayo imeisha. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inataka ajisajili na kujibu maswali mengi kuhusu nyumba na mapato yake. Halafu anapika chai tu na kulala, kwa sababu kumpikia mtu mmoja hakuna raha.

Najua utaniambia kuna pesa ya wazee. Ndiyo, Inua Jamii ni 2,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30, haifiki bob 67. Na unaipata ukifika miaka 70. Shosho aliyefiwa akiwa na 58 atangoja miaka 12?

"Ana watoto." Sawa, lakini huyo mtoto labda ako Nairobi anakimbizana na kodi. Mzigo uliobebwa na watu 40 siku ya mazishi hauwezi kuachiwa mmoja siku ya kliniki.

Kwa hivyo, msifunge hilo grupu. Watu 40 wakitoa 50 kila mwezi, hiyo ni 2,000, Inua Jamii nyingine. Inunue dawa, na ilipe mchango wake wa chama, kwa sababu chama ndicho kinachomtoa nyumbani na wamama wenzake ndio watakaogundua hajaonekana. Wewe huna hata hiyo 50? Una simu. Bonyeza *147# umsaidie kujisajili, na umpeleke kliniki.

Fungua simu yako sasa. Kuna grupu la mazishi uliloliweka kimya humo. Mjane wake ni nani, na mara ya mwisho kumpigia ilikuwa lini?