Mtihani Mmoja Si Kipimo cha Mtu

Kila mwaka, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ukikaribia, naona jambo moja hapa Bugarama. Watoto waliokuwa wakicheka huacha kucheka. Wengine husukuma sahani ya ugali. Wengine hukesha na taa mpaka karibu na alfajiri, kisha husinzia darasani. Ukiwauliza wana nini, mmoja hujibu, “Mwalimu, nataka Ilboru.” Mwingine husema, “Mama ameniambia nisipokwenda Kilakala nimeiaibisha nyumba.” Juu ya hofu hiyo nataka kusema nanyi leo, enyi wanafunzi, maana naona imekuwa kubwa kupita mtihani wenyewe.

Kwanza yafaa tujue kinachotamaniwa ni nini. Katika nchi yetu ziko shule chache za bweni za serikali, zinazochukua watoto waliopata alama za juu kabisa. Za wavulana ni kama Ilboru ya Arusha, Kibaha ya Pwani, Mzumbe ya Morogoro, na Tabora. Za wasichana ni kama Kilakala ya Morogoro, Msalato ya Dodoma, na ile ya Tabora ya wasichana. Huko mtu haandiki barua ya kuomba nafasi. Alama zake ndizo barua yake. Seminari na shule nyingi za misheni zina desturi nyingine: mzazi huchukua fomu, na mtoto huenda kufanya mtihani wa kuingia. Lakini kote jambo ni moja: vitanda ni vichache, na wanaovitaka ni wengi.

Hofu hii haikuanza jana. Zamani za Waingereza mlango ulikuwa mwembamba kweli kweli. Mwalimu Julius Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, umri wake kama miaka 12. Akafaulu, na mwaka 1937 akaingia shule ya Tabora. Mtoto asiyefaulu siku zile alirudi nyumbani, na mara nyingi hakuona mlango wa pili. Hata mwaka wa uhuru, 1961, wanafunzi wote wa sekondari katika Tanganyika nzima hawakutimia 12,000. Basi babu zetu walipoogopa mtihani, walikuwa na sababu. Wamewarithisha watoto wao hofu ile, na watoto wao wamewarithisha ninyi.

Lakini mambo yamebadilika, na hofu haikubadilika pamoja nayo. Tangu mwaka 2004 wananchi na serikali wamejenga shule za sekondari katika kata nyingi mno. Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 katika kidato cha tano na cha sita. Tena sikilizeni neno hili, maana ndilo kubwa: mtihani wa kidato cha nne ni mmoja kwa wote. Mtoto wa Kibaha na mtoto wa shule ya kata hupewa maswali yale yale, siku ile ile. Na watakaofaulu vema huchaguliwa kwenda kidato cha tano, wengine katika shule zile zile za Tabora, Mzumbe na Ilboru walizozikosa walipokuwa wadogo. Kwa hiyo mlango unaofungwa leo hufunguliwa tena baada ya miaka minne. Swali ni moja tu: utakapofunguliwa, utakuwa umesimama mlangoni, au utakuwa umekwisha kwenda zako?

Nilimfundisha mvulana mmoja hodari wa hesabu. Majina yalipotoka, jina lake lilikuwa katika shule ya kata. Baba yake akamwambia, “Kama hukuipata ya bweni, twende duarani.” Januari, wenzake walipovaa sare, yeye alikuwa mwaloni akiosha mchanga, mikono yake katika maji yenye zebaki. Nilikwenda kumwita mara mbili. Mara ya kwanza alinicheka, kwa kuwa alikuwa na fedha mfukoni. Mara ya pili alisema, “Mwalimu, mimi si wa kusoma. Mtihani umenionyesha.” Neno lile liliniuma kuliko kicheko. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mtoto kutumwa kazi za hatari, na kazi ya machimbo imo. Lakini kilichompeleka yule mvulana machimboni si fedha peke yake. Aliamini kwamba karatasi imekwisha kumhukumu.

Ninyi mliozaliwa katika nchi ya dhahabu mwajua namna jiwe linavyojaribiwa. Mchimbaji huponda kipande kidogo, akaosha unga wake katika karai, akatazama. Asipoona chembe inayong'aa, je, husema kwamba mlima wote ni mtupu? Hasemi hivyo. Husema, “Kipande hiki leo hakikuonyesha kitu,” akachukua kingine, akachimba mbele. Mtihani nao ni kipande kilichoponduliwa katika siku moja au mbili za maisha yako. Huenda siku hiyo uliumwa, au ulilala na njaa, au swali moja lilikutia wasiwasi ukasahau ulilolijua. Alama husema kweli juu ya siku ile; juu ya mtu mzima haziwezi kusema.

Hata hivyo, sitaki kuwadanganya. Sisemi kwamba shule zote ni sawa. Mwanafunzi wa bweni hulala karibu na darasa, na mara nyingi ana vitabu na maabara. Mwanafunzi wa shule ya kata pengine hutembea mwendo mrefu asubuhi, akarudi jioni kuchota maji na kupika kabla ya kufungua daftari. Na msichana akipanga chumba peke yake karibu na shule, hatari humfuata. Kwa hiyo kuitamani shule ya bweni si kosa. Jifunzeni kwa bidii, mkaipate. Lakini wazazi nao wana wajibu: fedha na maneno wanayoyatumia kuitafuta shule ya mbali, wayatumie pia kujenga bweni na kupika chakula cha mchana katika shule iliyo karibu, maana huko ndiko watoto walio wengi watakakokwenda. Wasomeeni neno hili nyumbani jioni.

Nanyi, wanafunzi, shikeni mambo matatu. Kabla ya mtihani, someni kila siku kidogo kidogo, mkalale usiku; maana papo kwa papo kamba hukata jiwe, lakini kamba iliyovutwa usiku mmoja hukatika yenyewe. Siku ya mtihani, anzeni na maswali mnayoyaweza, mkarudi kwa yale magumu. Na majina yakitoka, popote jina lako lilipo, nenda huko siku ya kwanza, na sare yako, ukakae mbele. Usimcheke aliyekosa, wala aliyepata usimwonee wivu.

Zamani katika nchi za Geita waliishi Warongo, wahunzi wenye sifa, walioyeyusha chuma na kufua majembe. Nadhani koleo za mababa wale zilivunjika mara nyingi motoni, wala hawakuzima moto kwa ajili hiyo. Wahenga wamekwisha kusema: kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi.