"Mtoto akasome kompyuta": kozi ipi, chuo kipi?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, maombi ya vyuo vikuu hufunguliwa, na katika kaya nyingi neno ni moja: mtoto akasome kompyuta. Neno hilo halitoshi, kwa sababu kompyuta si kozi moja.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa mfano, kina shahada ya Uhandisi wa Programu na pia ya Sayansi ya Kompyuta. Ya kwanza inamfundisha kijana kutengeneza programu hatua kwa hatua: kumsikiliza anayeihitaji, kuisanifu, kuiandika, kuijaribu, kisha kuitunza ikishaanza kutumika. Ya pili inaingia zaidi kwenye hisabati na nadharia. Vyuo vingine vina Teknolojia ya Habari, ambayo huegemea kuendesha mifumo na mitandao.

Hata hivyo, jina la kozi lisikudanganye. Vyuo viwili vinaweza kutumia jina moja na masomo yakatofautiana. Omba orodha ya masomo ya kila muhula, uhesabu ni mangapi yanamtaka mwanafunzi aandike programu kwa mkono wake. Kwangu mimi, orodha hiyo ina uzito kuliko umaarufu wa chuo. Halafu mtafute anayesoma pale sasa, umuulize kama maabara ina kompyuta zinazofanya kazi. Ofisi ya udahili haitakwambia kuwa hazifanyi.

Sifa za kujiunga zimo kwenye mwongozo unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na unapatikana bure kwenye tovuti yake. Kozi nyingi za namna hii zinaangalia hisabati. Aliyesoma HGL asome ukurasa huo kabla ya kulipa ada ya maombi.

Kupata chuo si kupata mkopo. Bodi ya Mikopo ina maombi yake, na cheti cha kuzaliwa hutakiwa kuhakikiwa na RITA, kwa hiyo anza mapema. Mzazi aweke pia hesabu ya laptopu, maana kujifunza kuandika programu kwa kusubiri zamu ya maabara ni shida.

Lipo jambo dogo linalowaponza wa vijijini. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja tu, kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu au barua pepe. Wengi hujaziwa fomu steshenari mjini, na mwenye steshenari akiwa na haraka huweka namba yake mwenyewe. Ujumbe unaingia kwake, siku za kuthibitisha zinapita, kijana yuko shambani hana habari. Kabla ya kuondoka pale, hakikisha namba iliyojazwa ni yako, na uandike nywila kwenye daftari lako. Ujumbe usipofika, kwa nywila hiyo utaingia kwenye akaunti yako ya chuo na kuomba namba itumwe tena.