Swichi ya Rezo Nayo ni Chombo cha Usalama

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaongoja mume atoke posti ya usiku,

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kaske, bote, vumbi na maji safi. Leo tuzungumze juu ya chombo ambacho wengi wanapita karibu nacho kila siku bila kujua kazi yake: swichi ya rezo. Si ile ya kuwasha taa. Ni sanduku lenye matundu mengi na taa ndogo, ambamo waya za ordinatere, za telefoni, za kamera na za mashini zinakutana. Habari zote za kazi zinapita humo.

Tutazame Kingamyambo. Matope yaliyoachwa na kiwanda cha kuchagua madini cha Kolwezi tangu wakati wa Union Minière sasa ni mali. Mwaka 2018 kiwanda kipya kilianza kutoa humo shaba na kobalti. Kazi ya namna hii ni kazi ya maji na pampu: matope yanapigwa kwa maji, yanakuwa uji, na uji unasukumwa katika mabomba. Anayeongoza pampu kutoka chumba cha mitambo haioni kwa macho, anaiona kwa njia ya rezo. Rezo ikinyamaza, yeye ni kipofu, na mwenzake aliye karibu na bomba hana habari. Tena mahali pengi telefoni ya kuita ambulansi inapita katika waya zile zile.

Swichi ni za aina mbili. Ya kwanza unachomeka waya, inafanya kazi, basi. Hiyo inatosha nyumbani au katika duka dogo. Ya pili ni swichi ya kuongozwa: fundi anaipa amri, nayo inamjulisha hali yake. Mimi nasema wazi: mahali ambapo uhai wa mtu unategemea rezo, ile ya kwanza haifai, hata ikiwa bei yake ni ndogo.

Nitaeleza kwa mambo ya dispanseri.

Kwanza, zamu. Mwenye mafua akifika saa moja na aliyevunjika mguu akifika saa mbili, tunaanza na nani? Swichi ya kuongozwa inafanya vile vile: sauti ya telefoni na alama ya hatari zinapita mbele, filamu ya mtu wa biro inangoja.

Pili, kutenganisha. Mgonjwa wa kipindupindu hatumlazi kati ya wengine. Swichi ya kuongozwa inagawa rezo moja kuwa vyumba mbalimbali, hata virusi vikiingia katika ordinatere ya biro visipate njia rahisi ya kufika kwenye mashini za pampu.

Tatu, mzunguko. Mtu akiunganisha swichi mbili kwa waya mbili bila mpango, habari zinaanza kuzunguka na kuongezeka mpaka rezo yote inasimama. Mwaka 1985 Bibi Radia Perlman wa Marekani alitunga kanuni ya kuzuia jambo hilo: swichi zinapatana zenyewe kufunga njia iliyozidi, na njia nyingine ikikatika, ile iliyofungwa inafunguliwa.

Lakini tusijidanganye. Kununua chombo kizuri hakutoshi. Mwezi wa Novemba 2002, rezo ya hospitali kubwa ya Boston, Beth Israel Deaconess, ilivurugika kwa muda wa siku nne hivi. Swichi zao hazikuwa za kubahatisha, na kanuni ile ya Bibi Perlman ilikuwamo. Shida ni kwamba rezo ilikuwa imekua mwaka kwa mwaka, kipande juu ya kipande, kupita mpango wake. Waganga na wauguzi walirudi kwenye karatasi na kalamu, na watu wakakimbia na vipimo mkononi.

Kwa hiyo naomba mambo haya.

Kwa wakubwa wa kazi: swichi ya kuongozwa isiyo na mtu wa kuiongoza ni sawa na ile ya bei rahisi. Awepo fundi anayejulikana kwa jina, mchana na usiku. Neno la siri lililotoka kiwandani libadilishwe siku ya kwanza. Ramani ya waya iandikwe na kufuatwa. Swichi ipewe batiri ya akiba, maana umeme ukikatika, na telefoni zake zinakatika.

Kwa sisi wafanyakazi: usichomoe waya wa swichi ili uchaji simu yako. Usilete sanduku ulilonunua sokoni ukaliunga kwenye rezo ya kazi. Ukiona kabati lake liko wazi, lina maji au limejaa vumbi, sema kwa kapita siku ile ile.

Kwa dispanseri na kila posti: radio ya mkononi iwe tayari, na daftari na kalamu vikae mezani. Chombo chochote kinaweza kufa.

Hakuna anayemwacha mwenzake atoboe kaske yake kwa msumari. Waya ule mdogo unaotaka kuuchomoa, huenda ndio unaobeba sauti ya mwenzako anayeomba msaada. Tuulinde.