Chake Chake inastahili siku nzima ya mgeni

Watalii wengi wanaotua uwanja wa ndege wa Pemba hupakiwa garini na kupelekwa kaskazini kuzamia matumbawe. Chake Chake huiona dirishani. Wanakosa wao, tunakosa na sisi.

Mimi nilitoka Wete kwa daladala, mwanamke peke yangu, bila mwenyeji. Mji umekaa kilimani, unateremka hadi kwenye hori lenye mikoko. Ngomeni ndipo yalipo makumbusho. Sehemu ya ngome ilibomolewa zamani kupisha hospitali, lakini iliyosalia yatosha kumshika mtu asubuhi nzima. Nje, vichochoroni, karafuu zilianikwa majamvini. Nilisimama kutazama, bibi mmoja akaniita: “Keti kwanza, mwanangu, jua kali.” Akanionyesha kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Makonyo hayatupwi, kiwanda cha Wawi, hapo jirani, huyakamua mafuta. Hakuna hoteli ya ufukweni inayoweza kuuza saa ile.

Alasiri nilitaka kufika Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba, kama kilomita 10 tu. Hapo mgeni asiye na gari huhangaika, nililipa bodaboda.

Sitaki tuige msongamano wa Mji Mkongwe wa Unguja. Nataka vibao vya njia, daladala ya uhakika hadi Pujini, na vijana wa Chake wafundishwe kuutembeza mji wao kwa malipo halali. Na yule bibi, akipokea wageni, naye alipwe.