Kinga ya Saratani: Tuulize Kabla ya Kununua



Apitaye katika masoko ya Kahama, Katoro na Geita mjini hakosi kukutana na muuzaji wa kinga ya saratani. Bidhaa zake ni makopo ya vidonge vya vitamini, chupa za mafuta ya habbasauda na unga wa mizizi, na ahadi yake ni moja: atumiaye hatapatwa na maradhi hayo. Mama ambaye mumewe hushinda katika duara au kwenye karasha akivuta vumbi ana sababu ya kuogopa, na mwenye hofu huwa mwepesi wa kufungua kibindo. Juma hili tumeona ni wajibu kuzieleza familia zetu elimu imefikia wapi katika jambo hili, kwani hasara yake yaweza kupita ile ya fedha.

Wazo la kuzuia saratani kwa dawa au kwa viini vya chakula si upuuzi. Wataalamu walikwishaona kuwa watu walao mboga na matunda kwa wingi hupatwa na saratani ya mapafu kwa uchache kuliko wengine. Wakadhani siri imo katika beta-karotini, kiini kinachozipa karoti na maembe rangi yake, wakakifanya kidonge. Huko Ufini wanaume 29,133 wavutaji wa sigara waligawanywa katika makundi, baadhi wakapewa kidonge hicho na wengine wasipewe. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliokimeza walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Nchini Marekani watu zaidi ya 18,000, wavutaji wa sigara na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto, waliingizwa katika jaribio la namna hiyo, ambamo beta-karotini ilitolewa pamoja na vitamini A. Lilisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake, kwa kuwa waliopewa vidonge walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi, na vifo vyao vilizidi kwa asilimia 17.

Habari hii inawahusu watu wetu moja kwa moja. Vumbi la miamba inayobeba dhahabu lina silika, ambayo tangu mwaka 1997 imehesabiwa miongoni mwa visababishi vya saratani ya mapafu. Vumbi hilo si asbesto, lakini mchimbaji alivutaye kila siku, tena akaongeza sigara, anafanana mno na wale waliodhuriwa na kidonge walichodhani ni kinga. Karoti na embe vimebaki kuwa chakula chema. Kilichodhuru ni kile kiini kimoja, kilichotengwa na kumezwa kwa wingi. Kinga ya mchimbaji ni kuacha sigara, kulowanisha mwamba kwa maji kabla ya kuutoboa, na kuvaa barakoa iliyotengenezwa kuzuia vumbi laini.

Wapo watakaouliza: na habbasauda je? Hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayoisifu ni sahihi, wala sisi hatuna shaka nayo. Lakini miongoni mwa wanazuoni waliotangulia yumo Al-Khattabi, aliyeeleza kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni mahususi, yaani tiba hulingana na maradhi yenyewe. Katika maabara, kiini chake kiitwacho thaimokwinoni kimeua seli za saratani. Hata hivyo, kuua seli ndani ya kichupa ni hatua ya mwanzo tu, na beta-karotini nayo ilianza kwa matumaini. Mwenye kuila kwa kufuata Sunna ana kheri yake. Mwenye kuiuza kwa kumwambia mgonjwa aache hospitali anaisingizia hadithi jambo ambalo haikulisema.

Tukirudi kwenye ghala zetu, karanga na mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu wenye sumukuvu, ambayo husababisha saratani ya ini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Huko Qidong, China, watu wazima 180 waliwekwa katika jaribio la miezi minne, na waliopewa klorofilini, itokanayo na rangi ya kijani ya majani, walionesha dalili za madhara ya sumu hiyo mwilini zikiwa zimepungua kwa asilimia 55. Jaribio lilipima dalili hizo, halikupima saratani yenyewe. Kwa familia ya Shinyanga, kuanika karanga juu ya turubai hadi zikauke na kuzitupa zilizoota ukungu ni kinga iliyo karibu zaidi.

Zipo pia kinga zitolewazo bila malipo, nasi tunazipuuza. Minyoo ya kichocho cha mkojo, inayopatikana katika malambo na majaruba yetu, imethibitishwa kusababisha saratani ya kibofu. Dawa yake ni prazikwanteli, igawiwayo shuleni. Mzazi asimfiche mtoto siku ya dawa. Ampe chakula kwanza, maana tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Watoto wanaohudhuria madrasa pasipo kwenda shule nao wafikishwe kituo cha afya. Vilevile, chanjo dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi imekuwa ikitolewa nchini kote tangu mwaka 2018, na sasa binti wa miaka 9 hadi 14 huchanjwa mara moja tu.

Hata dawa iliyothibitishwa ina gharama yake. Tamoksifeni ilionekana mwaka 1998 kupunguza karibu nusu ya saratani ya matiti kwa wanawake walio katika hatari kubwa, lakini iliongeza saratani ya mji wa mimba na kuganda kwa damu. Ndiyo maana haitolewi ila kwa uamuzi wa daktari.

Mwili ni amana, na Qur'an imetuelekeza kuwauliza wenye elimu tusipojua. Basi kabla ya kununua kopo, tumuulize muuzaji: limejaribiwa kwa watu gani, wangapi, na nini kiliwapata? Asipokuwa na jibu, fedha hiyo inunue barakoa ya baba na mboga za watoto. Na mwenye kikohozi kisichokoma, damu katika mkojo au uvimbe usioeleweka, asingoje. Aende hospitali mapema.

Allah atulindie familia zetu. Wallahu a'lam.